Pesa ya Mkupuo na Kazi Zake

Pesa ya mkupuo ni kiasi kinachoingia mkononi mara moja, kikiwa kikubwa kuliko kile ambacho kaya imezoea kukishika. Kinachochambuliwa hapa ni mkupuo mdogo, yaani laki tatu, milioni moja, pengine mbili. Huko Newala na Tandahimba huja baada ya minada ya korosho inayoanza Oktoba. Urambo huja na masoko ya tumbaku. Kwa mwalimu huja kama malimbikizo ya mshahara, kwa mama lishe huja siku kijumbe, yaani mkusanyaji wa michango, anapomkabidhi zamu yake ya mchezo wa kupokezana pesa, na kwa mwanachama wa VICOBA huja kikundi kinapovunja mzunguko na kugawana hisa, mara nyingi kuelekea mwisho wa mwaka. Wapo pia wanaolipwa fidia ya kipande cha ardhi kilichopitiwa na barabara au nguzo za umeme.

Ni vyanzo vichache mno kati ya hivyo vinavyoweza kuitwa bahati. Mchezo ni pesa ya mtu mwenyewe aliyoichanga kwa miezi kadhaa. Korosho ni jasho la mwaka mzima. Malimbikizo ni mshahara uliocheleweshwa, na mara nyingi umeshaliwa kwa mkopo kabla haujalipwa. Jambo hili linaonekana dogo lakini ndilo linaloamua hesabu yote inayofuata, kwa kuwa pesa ya bahati huja bila deni nyuma yake, ilhali pesa iliyochelewa huja na foleni ya wadai. Mwalimu anayeona milioni moja na nusu kwenye akaunti na kuihesabu yote kuwa mpya anakuwa ameanza kupanga pesa ambayo sehemu yake si yake tena.

Thamani ya mkupuo iko katika ule ukubwa wake wa pamoja. Kaya inayoingiza shilingi 10,000 kwa siku inaweza kula, kupanda daladala na kununua umeme wa siku mbili, lakini haiwezi kununua bati ishirini, kulipa kodi ya nyumba ya miezi sita kwa mpigo, wala kumaliza deni linalozaa riba kila wiki. Mahitaji ya namna hiyo yana bei isiyogawanyika, au ikigawanywa inakuwa ghali zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza ni lipi kati ya mambo yanayoisumbua kaya lisiloweza kutatuliwa na kipato cha kila siku. Yale yanayoweza kutatuliwa na kipato hicho yaachiwe kipato hicho.

Ipo dhana iliyoenea kwamba mtu wa kipato cha chini akishika mkupuo ataunywa au kuuchezea. Kusini mwa Tanzania hazikosekani hadithi za msimu mzuri wa korosho, za mbuzi walionyweshwa soda na kadhalika. Utafiti uliofanyika Rarieda, magharibi mwa Kenya, kati ya mwaka 2011 na 2013 unatoa picha nyingine. Wachumi Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia kaya maskini zilizopewa pesa kupitia M-Pesa na shirika la GiveDirectly bila masharti yoyote. Baadhi zilipata shilingi za Kenya 25,200 na nyingine 95,200. Kuna zilizolipwa kwa mkupuo na zilizolipwa kidogo kidogo kwa miezi tisa. Matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Waliolipwa kwa mwezi walikula vizuri zaidi, na waliolipwa kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu, bati za kuezekea zikiwa mojawapo. Pesa ileile ikifika kwa sura tofauti ilifanya kazi tofauti.

Jaribio lililofuata, lililoanza mwaka 2018 katika vijiji 295 vya Kenya, liliongeza jambo. Wapo waliopewa takriban dola 500 kwa mara moja, na wapo waliopewa kiasi kinacholingana nacho kwa malipo ya kila mwezi ya miaka miwili. Waliopewa mara moja walianzisha biashara nyingi zaidi. Kundi la tatu, lililoahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12, halikukaa na vipande vyake vya mwezi, kwani wengi waliingia kwenye vyama vya kuzungushiana pesa ili wajitengenezee mkupuo wenyewe. Mama yeyote anayecheza mchezo Mbagala au Kawangware angeweza kuwaeleza watafiti sababu yake kabla hata hawajafungua daftari.

Hivyo basi, anasa kubwa siyo hatari ya kawaida. Mkupuo mdogo huisha kwa kumegeka. Unaingia kwenye simu ileile inayolipia vocha, nauli na mboga, na kila kinachotoka ni kidogo na kina sababu nzuri: elfu kumi ya mgonjwa, elfu ishirini ya mchango wa harusi, viatu vya mtoto, kilo ya nyama ya ziada. Hakuna hata kimoja cha kujutia, na baada ya wiki sita hakuna kilichobaki kinachoonekana. Kilichopotea hapo ni ule upamoja wake, kwa sababu laki sita zilizotawanyika katika mafungu ya elfu kumi hazina tofauti na vibarua sitini vya siku moja.

Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walilichunguza hilo magharibi mwa Kenya kwa kifaa rahisi kabisa: kisanduku cha chuma chenye kufuli na tundu la kudumbukizia pesa, yaani kibubu. Wanachama wa vikundi waliopewa kibubu kwa ajili ya mahitaji ya afya waliongeza matumizi yao kwenye kinga, kama vile vyandarua, ingawa ufunguo walikuwa nao wenyewe. Kibubu hakikuwafungia pesa. Kiliipa pesa jina, na pesa yenye jina ni rahisi kuikatalia: anayeombwa anaweza kusema kwa ukweli kwamba hana ya kutoa, iliyopo ni ya hospitali. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na akaunti ya pili ya benki isiyo na kadi, au na akiba ya kwenye simu iliyofungiwa tarehe. Jambo la msingi ni kwamba mkupuo uhamishwe kutoka kwenye pochi ya matumizi siku ileile unapoingia, hata kama uamuzi wa nini kifanyike nao haujafikiwa.

Suala la ndugu linahitaji kutazamwa bila unafiki. Jaribio la Pamela Jakiela na Owen Ozier, nalo la vijijini magharibi mwa Kenya, liligundua kwamba wanawake ambao ndugu zao walikuwepo kwenye jaribio walikuwa tayari kuchagua njia yenye faida ndogo ili mradi kiasi walichopata kisijulikane. Siri ina gharama, na watu wanailipa. Lakini ndugu ndio bima ya watu wengi wasio na bima nyingine, na anayemkatalia kila mtu mwezi wa korosho atakuwa peke yake mwezi wa msiba. Njia inayofanya kazi ni kutenga fungu la ndugu mapema, kwa kiasi kinachojulikana, na likiisha limeisha. Anayetoa laki moja kwa mpango anasaidia zaidi kuliko anayetoa laki tatu kwa kuviziwa, na bado anabaki na kitu.

Baada ya hapo ndipo deni linapokuja, na hapa hesabu ndiyo inayosema. Mikopo ya mitaani ambayo Watanzania wameipa jina la kausha damu hutoza hata asilimia 20 kwa mwezi, wakati mwingine zaidi, huku marejesho yakidaiwa kila wiki au kila siku. Mtu mwenye mkopo wa shilingi 200,000 kwa riba hiyo, anayelipa riba tu bila kugusa mkopo wenyewe, hutoa shilingi 40,000 kila mwezi, sawa na 480,000 kwa mwaka. Kwa upande mwingine, hati fungani za serikali ya Tanzania za miaka 20 na 25 zimekuwa zikitoa katika miaka ya karibuni riba ya kati ya asilimia 12 na 16 kwa mwaka. Milioni moja ikiwekwa huko kwa asilimia 15 huleta 150,000 kwa mwaka. Laki mbili zinazozima deni zinaokoa zaidi ya mara tatu ya kile ambacho milioni nzima ingekileta, na hazina mashaka ya soko. Mtu anayewekeza huku akiwa na deni la namna hiyo anajidanganya kwa lugha nzuri.

Madeni hayafanani, hata hivyo. Mkopo wa SACCOS wa riba ya asilimia moja au moja na nusu kwa mwezi, unaolipika kwa mshahara, hauna haraka. Deni la daftari la dukani halina riba ya wazi, lakini anayekopa dukani hanunui kwingine, hachagui bei, na anakubali unga aliopimiwa. Kulimaliza kunarudisha uhuru wa kununua. Kwa mpangilio, la kausha damu huzimwa kwanza, la duka la pili, na yale ya taasisi zenye riba ya kistaarabu huachwa yaendelee kama yalivyo kwenye mkataba.

Kuna deni jingine ambalo halionekani kama deni. Kusini huitwa kangomba, yaani kuuza korosho kwa mlanguzi kwa bei ya kutupa, mara nyingi kabla msimu haujafunguliwa, kwa sababu chakula kimekwisha au mtoto anadaiwa shule. Kagera huitwa butura, na kahawa huuzwa ingali maua mtini. Serikali imepiga marufuku biashara hizo mara nyingi na bado zinaendelea, kwa kuwa chanzo chake ni pengo la kalenda: pesa huja mara moja kwa mwaka na njaa huja kila siku. Mwaka 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, mkulima aliyekuwa ameshauza kwa kangomba hakuwa na cha kupeleka ghalani. Kwa mkulima wa mazao hayo, uwekezaji wenye faida kubwa kuliko wote unaweza kuwa kitu kisicho na mvuto wowote, yaani magunia machache ya mahindi yaliyonunuliwa wakati wa bei nafuu na akiba ya shilingi laki mbili tatu inayomvusha mpaka mnada ujao. Akivuka mwaka mmoja bila kuuza kangomba, mkupuo unaofuata utakuwa mkubwa zaidi bila kuongeza mkorosho hata mmoja.

Pembejeo nazo zina kalenda hiyohiyo. Pesa ya korosho huingia kati ya Oktoba na mwanzoni mwa mwaka, lakini palizi na salfa ya kupulizia dhidi ya ubwiriunga huhitajika miezi kadhaa baadaye, wakati pesa imeshapata miguu. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walilikuta tatizo hili kwa wakulima wa mahindi wa Busia, Kenya. Wengi walisema watatumia mbolea msimu ujao, na wachache walifanya hivyo. Watafiti walipowatembelea mara tu baada ya mavuno na kuwapa nafasi ya kulipia mbolea papo hapo na kuletewa baadaye bila gharama ya usafiri, matumizi ya mbolea yalipanda kwa kiwango kinacholingana na kupunguziwa bei kwa nusu wakati wa kupanda. Bei haikubadilika, kilichobadilika ni siku ya kulipa. Kulipia kibarua wa palizi nusu mapema, au kununua salfa ikiwa pesa ingali moto na kuihifadhi mahali pakavu, ni kanuni hiyohiyo.

Mjini, nafasi inayopuuzwa zaidi ni manunuzi ya rejareja. Kaya inayonunua mkaa wa kopo wa shilingi 2,000 kila siku hutumia 60,000 kwa mwezi. Ikiwa gunia la 80,000 linaivusha miezi miwili, matumizi yanashuka hadi 40,000. Shilingi 80,000 zilizofungiwa kwenye gunia zinaokoa 20,000 kila mwezi, yaani robo ya mtaji. Hakuna benki inayolipa hivyo. Bei hutofautiana kati ya mtaa na mtaa, ila umbo la hesabu ni lilelile kwa mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, mchele wa robo na maji ya madumu. Faida hiyo ina masharti mawili. La kwanza ni nidhamu, kwani gunia likiwa ndani mkono husahau kupima. La pili, ambalo ndilo wengi hulikosa, ni kwamba kila mwezi 40,000 kati ya ile 60,000 iliyokuwa ikinunua mkaa lazima itengwe kidogo kidogo kwa ajili ya gunia la pili. Bila hivyo mkupuo umenunua gunia moja tu, na baada ya miezi miwili kaya imerudi kwenye kopo.

Kodi ya nyumba iko kwenye kundi hilo. Dar es Salaam wenye nyumba wengi hudai miezi sita kwa mkupuo, na mpangaji asiyejiandaa hukopa. Mtu ambaye mchezo wake unaangukia mwezi mmoja kabla ya kodi hana sababu ya kutafuta mradi wa pesa hiyo. Wanachama wazoefu humwomba kijumbe awapangie zamu kwa kufuata tarehe ya kodi au ya ada, na huo ni upangaji wa fedha wa kiwango cha juu hata kama hakuna aliyeufundishwa darasani.

Kuhusu biashara, tofauti kubwa iko kati ya kuanzisha na kuongeza. Fundi cherehani anayekataa kazi za sare za shule kwa kukosa overloki anajua wateja wake, anajua bei na anajua Desemba na Januari zitaleta kazi kiasi gani. Laki tano kwake inajaza pengo linaloonekana. Laki tano hizohizo kwa mtu anayefungua duka lake la kwanza huishia kwenye amana ya fremu, rafu na rangi, na bidhaa hazijanunuliwa. Mtaji hukatika kabla mteja hajazoea mlango. Mkupuo mdogo unafaa zaidi kwa kazi ambayo tayari inatembea. Anayetaka kuanza jambo jipya afadhali aanze kwa sehemu ndogo ya pesa, apime kwa miezi miwili au mitatu, huku nyingine ikiwa imewekwa mahali.

Mahali hapo pako pengi kuliko zamani. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ulioanzishwa mwaka 2013, hupokea kuanzia shilingi 100,000, na mwenye vipande akitaka pesa yake huipata kwa kawaida ndani ya siku tatu za kazi. Siku hizo tatu zina faida yake, kwa sababu haja nyingi za ghafla hupoa katika muda huo. Hati fungani za serikali huanzia milioni moja na hulipa riba kila baada ya miezi sita, lakini ni za miaka mingi, na anayelazimika kuziuza kabla ya wakati hutegemea bei ya soko. Haziifai pesa ambayo huenda ikahitajika shule zikifunguliwa. Pesa iliyoko benki inalindwa na Bodi ya Bima ya Amana, ambayo mwaka 2023 ilipandisha kiwango cha fidia kutoka shilingi milioni 1.5 hadi milioni 7.5 kwa mwenye amana, kiasi kinachofunika mkupuo wowote unaozungumzwa hapa. Kuweka kwenye kikundi kunaweza kuleta faida nzuri kuliko vyote hivyo, kwa kuwa riba ya mikopo hurudi kwa wanachama, ila ulinzi pekee ni uaminifu wa wenzako na ubora wa daftari.

Msimu wa mikupuo ni msimu wa matapeli pia. Mwaka 2009 Tanzania ilishuhudia kusimamishwa kwa taasisi ya DECI, iliyowataka watu wapande mbegu ya pesa na kuwaahidi mavuno ya mara mbili au zaidi ndani ya miezi michache. Malipo ya waliotangulia yalitoka kwa waliofuata. Maelfu walikuwa wamepanda viinua mgongo, pesa za mazao na akiba za vikundi. Majina yamebadilika tangu wakati huo na sasa mengi huja kwa simu, lakini umbo ni lilelile: faida kubwa isiyo na biashara inayoonekana, na zawadi kwa kila anayeleta mtu. Wa kwanza hulipwa kweli, na ndiyo maana ushuhuda wa jirani si ushahidi.

Kinachofuata ni mfano wa mgawanyo. Mkulima wa Newala amelipwa shilingi 1,200,000. Anazima mkopo wa mtaani pamoja na riba ya mwezi, 240,000, na daftari la duka, 110,000. Zinabaki 850,000. Palizi na salfa zinachukua 250,000, zikiwekwa kwenye akaunti tofauti au kulipiwa mapema. Laki tatu zinakuwa za kuvukia miezi ya ukata, nusu ikiwa mahindi na nusu pesa. Laki moja ni ya unyago wa binti na ya ndugu, bila kuomba radhi, maana sherehe hiyo ingefanyika tu, na isipotengewa fungu italipiwa kwa kangomba. Laki mbili zilizosalia zinanunua bati chache za chumba kinachovuja. Katika orodha hiyo hakuna kinachoitwa mradi, na bado kaya hiyo itaingia msimu ujao ikiwa na korosho zake zote mkononi.

Mgawanyo wa aina hiyo unahitaji kiasi kinachotosha kugawanyika. Mkupuo wa 80,000 au 100,000 ukikatwa mafungu matano hauna tofauti na kipato cha wiki, na huishia hukohuko. Kwa kiasi hicho kazi iwe moja: deni moja limalizwe lote, gunia moja liingie ndani, au ada ya muhula ya mtoto mmoja ilipwe na risiti ichukuliwe siku hiyohiyo.